Mgeni Asiyekula Mkate



Liko swali ambalo tumelibeba nyumbani mwetu kwa muda wa miaka minne sasa, nasi tumeona vema kuliweka mbele yenu, kwa kuwa lawahusu wote wanaosafiri na wote wanaokaribisha wageni. Swali lenyewe ni hili: Mtu anayekataa chakula alichoandaliwa, je, amemdharau mwenyeji wake? Na mwenyeji anayemshurutisha mgeni ale, je, amempenda?

Sisi tulifundishwa jibu tangu utotoni. Mgeni hula. Hata akiwa ameshiba, humega tonge mbili tatu, akanawa, akasema ahsante. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sote twajua maana yake: ajapo mgeni, hata watoto wa nyumba ile hupata kitoweo. Kukataa sahani ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyowalea watoto wetu, mpaka binti yetu wa pili alipougua.

Alikuwa na miaka tisa. Tumbo lilimjaa, akaharisha wiki baada ya wiki, akakonda, damu ikampungua, hata mdogo wake akamfikia kimo kisha akampita. Alitibiwa minyoo mara tatu, akatibiwa amiba, akapewa dawa za kuongeza damu. Mwishowe daktari mmoja aliagiza damu yake ipimwe kwa kipimo kingine, kisha akatupeleka hospitali kubwa, ambako walipitisha mpira mwembamba kinywani mpaka tumboni, wakachukua vipande vidogo vya utumbo wavitazame. Ugonjwa aliotutajia hatukuwa tumepata kuusikia: siliaki.

Kwa maneno mepesi ni hivi. Ndani ya ngano, na pia ndani ya shayiri na nafaka iitwayo rai, mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Watu wengi haiwadhuru. Lakini kwa mwenye siliaki, askari wa mwili wake mwenyewe huiona gluteni kuwa ni adui, na katika kupigana nayo huuharibu ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vikiisha kulala na kufutika, mtu aweza kula akashiba na mwili wake ukabaki na njaa. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni moja: kuacha gluteni siku zote za maisha. Hatusemi kuipunguza, bali kuiacha. Wataalamu wakadiria kwamba duniani kote mtu mmoja hivi katika kila mia anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Tusidanganyane kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1999, waliopimwa ni watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi hapa hapa Afrika, na kati ya kila watoto mia walionekana watano au sita wenye siliaki. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimejulikana.

Nyumbani tulizoea upesi. Nchi yetu ina chakula kingi kisicho na gluteni: mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, ndizi, viazi, maharage, mbaazi, samaki, nyama, mboga na matunda. Mama alitenga sufuria moja, mwiko mmoja na karai moja kwa ajili ya mtoto, na chapati zikawa hazipikwi tena jikoni mwetu. Mtoto alinawiri, akarudi shuleni, akaanza kurefuka. Tulidhani taabu imekwisha. Kumbe tulikuwa hatujasafiri.

Mwaka jana tulifunga safari kutoka Tanga kwenda Masasi, kumtazama bibi mmoja, shangazi wa baba wa watoto, ambaye alikuwa hajawaona wajukuu wake hawa. Tulibeba ndizi, mayai ya kuchemsha na machungwa ya Muheza. Vikatutosha mpaka Dar es Salaam. Kesho yake, baada ya kulivuka daraja la Rufiji, basi lilisimama ili abiria wale, nasi tukaingia hotelini pamoja na wengine.

Mtu asiye na shida hii haoni kinachoonekana na mzazi wa mtoto kama wetu. Chipsi ni viazi, lakini karai lile lile limetoka kukaanga sambusa na maandazi. Samaki ni samaki, lakini amepakwa unga wa ngano ili asishike kwenye mafuta. Mchuzi mzito huenda umefanywa mzito kwa unga. Bajia ni za kunde au dengu, lakini yuko mpishi anayetia ngano kidogo zishikamane. Vitumbua ni vya mchele, na yuko anayechanganya. Uji wa lishe unaosifiwa kwa watoto mara nyingi una ngano ndani yake. Sosi ya soya anayopakwa kuku hutengenezwa kwa soya na ngano. Tena kiasi kidogo chatosha kudhuru. Kipande kimoja cha mkate huwa na gluteni ya gramu mbili au zaidi. Na utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa milligramu 50 tu kila siku kwa miezi mitatu zaweza kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Hizo ni chembe za mkate.

Basi tukaagiza wali na mchuzi wa nyama, na mama akamwuliza kijana aliyetuhudumia kama mchuzi una unga wa ngano. Akajibu upesi, "Hakuna, mama. Wewe kula tu, hakuna shida." Hakwenda jikoni. Tuliona kuwa hakwenda, nasi hatukumtuma, kwa sababu honi ilikuwa inalia na tuliona haya kuuliza mara ya pili mbele ya watu.

Saa mbili baadaye mtoto alianza kutapika. Tulimwomba dereva asimame, akasimama mara moja. Mara ya pili abiria walinung'unika, na ya tatu hatukuomba. Mtoto alikuwa akilia huku amejifunika kanga ya mama yake usoni, wala hakulia kwa maumivu peke yake. Alilia kwa aibu. Alisema neno ambalo hatujalisahau: "Bora nisingekuja."

Tulimkasirikia sana yule kijana. Lakini kwa kadiri siku zilivyopita tumeona kuwa hakuwa mwovu. Hakutaka kutuumiza. Alitaka turidhike, akatupa jibu alilodhani twalitaka. Hapo ndipo lilipo kosa lake, na ni kosa la watu wema wengi. Kusema "hakuna shida" hakumgharimu kitu. Kwenda jikoni na kumwuliza mpishi kungemgharimu hatua ishirini. Kusema "sijui" kungemgharimu zaidi, kwa kuwa huenda tungeondoka tukala kwingine. Lakini "sijui" ya kweli ingemwokoa mtoto.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwalaumu watu wa hotelini. Lakini kosa kubwa la safari ile lilikuwa letu.

Bibi yule hatukuwa tumemwambia lolote. Tulizungumza naye kwa simu mara nne kabla ya kuondoka, tukamweleza siku na saa, tukamwuliza habari za korosho na za mvua, na habari ya ugonjwa tukainyamazia. Tuliogopa aseme kwamba watoto wa mjini wana maringo. Tuliogopa ahangaike. Tulijisemea kwamba tukifika tutaona.

Tukafika. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akamkumbatia akasema, "Marahaba, mjukuu wangu, mbona umekonda hivi? Leo utakula mpaka useme basi." Akatuingiza ndani. Mezani palikuwa na chapati zilizopangwa juu kwa juu chini ya kawa, maandazi, na mikate miwili ya dukani. Baadaye tulifahamu kwamba aliuza korosho alizokuwa ameziweka akiba, akanunua unga wa ngano na mafuta, akamlipa binti wa jirani amsaidie kusukuma. Kwake ngano ni chakula cha wageni. Siku zote yeye hula ugali wa muhogo na mbaazi.

Binti yetu alitutazama. Tukamtazama. Na baba yake, ambaye ndiye anayesimama mbele ya watu kusoma somo siku ya Jumapili, akasema kwamba mtoto tumbo limechafuka kwa ajili ya basi, hatakula leo. Lilikuwa neno nusu kweli, na nusu yake ya pili ilikuwa uongo. Bibi akasikitika, akasema, "Basi na ale kesho asubuhi, nitamwekea." Mtoto akalala na njaa katika nyumba iliyojaa chakula.

Usiku ule hatukulala. Alfajiri mama alimfuata bibi jikoni akamweleza yote, tangu hospitali mpaka basi. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia. Mimi nimeona haya kuwapa ugali wa muhogo wageni wa kutoka Tanga, kumbe ndicho chakula cha mjukuu wangu!" Akauosha mwiko, akasugua sufuria kwa mchanga na maji, akapika ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Mtoto alikula akaongezwa. Bibi naye alicheka, lakini alipozitazama zile chapati tuliona uso wake, nasi tulijua kwamba korosho zile zilikwenda bure kwa sababu ya kimya chetu. Hakuna aliyekataa chakula chake. Ila sisi tulimnyima nafasi ya kutupa kile alichokuwa nacho. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tuliumbuliwa na sahani ya chapati.

Msomaji mmoja aweza kusema: Katika nchi ambamo wapo wanaolala bila kula, ninyi mwazungumza habari za kuchagua chakula? Twaliheshimu neno hilo, nasi tumejiuliza wenyewe mara nyingi. Na liko jambo katika historia ya ugonjwa huu linaloweza kulijibu.

Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, jina lake Willem Dicke, wa hospitali ya watoto mjini The Hague. Kabla ya vita vya pili havijafika kwao alikuwa ameanza kuishuku ngano, na mwaka 1941 aliandika juu ya kuwatibu watoto kwa chakula kisicho na ngano. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945. Mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengi waliteseka, lakini wale wenye siliaki hawakudhurika kama ilivyotazamiwa, na wengine walipata nafuu. Kisha misaada ikafika, ndege zikadondosha vyakula mwezi wa Aprili na Mei 1945, mkate ukarudi mezani, na watoto wale wakaanza kuugua tena. Dicke aliyakusanya aliyoyaona katika kitabu chake cha shahada mwaka 1950, na tangu hapo dunia ikajua kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaua.

Fikirini, ndugu zetu. Mkate ule ulipelekwa kwa huruma, kwa watu wenye njaa ya kweli. Ulikuwa mwema kwa watoto maelfu. Lakini kwa mtoto mwenye siliaki mkate ule wa huruma ulikuwa sumu, na huruma peke yake isingeweza kulijua hilo. Ilihitaji mtu wa kumtazama yule mtoto mmoja na kuuliza kwa nini. Kwa hiyo hatuoni kuwa kumwuliza mgeni anachoweza kula ni anasa ya walioshiba. Hata mwenye njaa hana faida na chakula kinachomtoboa tumbo.

Nchi nyingine zimeiweka haki hii katika sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hoteli na mikahawa imepaswa kuwajulisha wateja kama chakula kina vitu vya namna 14 vinavyojulikana kudhuru baadhi ya watu, na nafaka zenye gluteni zimo. Ni sheria njema. Lakini sheria haifiki jikoni kwa bibi, wala haikai kando ya karai la mama lishe. Huko hakuna karatasi ya kusoma. Kuna ulimi wa mtu tu, na tegemeo letu ni kwamba ulimi huo utasema kweli.

Jambo hili latufikia hata kanisani, maana mkate wa Meza ya Bwana ni wa ngano. Makanisa mengine hutumia mkate wa ngano iliyoondolewa gluteni karibu yote. Na Kanisa la Roma, kwa barua ya mwaka 2017, lilikumbusha kwamba mkate wenye gluteni kidogo unakubalika, bali usio nayo kabisa haukubaliki. Binti yetu alipopata Kipaimara, Padre alitufundisha kwamba anayepokea kikombe peke yake hakupungukiwa na kitu, amepokea Ushirika mzima. Na kwa kuwa kipande cha mkate hutiwa katika kikombe kikubwa, huweka kando yake kikombe kidogo kwa ajili yake. Wako walionung'unika: mtoto huyu ni nani hata awe na kikombe chake? Tulikuwa karibu kuacha kumpeleka mbele. Ndipo mzee mmoja wa kanisa alipotusimamisha mlangoni akatuuliza waziwazi, nasi tukamweleza, naye akawaeleza wengine. Mzee huyo alitufaa kuliko wote waliotuhurumia kimya kimya.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho habari za nyama, hakuishia kuuliza kama nyama ni halali. Aliuliza nyama ile itamfanyia nini ndugu aliyeketi karibu. Twadhani swali hilo lingali jema kwa kila mtu anayepakua.

Basi, baada ya safari ile, tumejiwekea kanuni chache, nasi twawashirikisha.

Kwanza, mgeni na aseme mapema. Asingoje mpaka chapati ziwe mezani. Simu ipo, na aseme kwa maneno machache, pamoja na kutaja anavyoweza kula, maana mwenyeji akiambiwa tu "asile hiki, asile kile" hubaki na hofu, lakini akiambiwa "wali mweupe na maharage vyatutosha" hupata furaha.

Pili, mgeni asiseme uongo kwa ajili ya adabu. Asiseme ameshiba, asiseme amefunga, asisingizie basi. Wala asile ili kumpendeza mwenyeji kisha akaugua usiku. Huko ni kumfanya mwenyeji amdhuru mtu bila kujua, na hakuna mwenyeji anayestahili jambo hilo.

Tatu, mgeni na abebe sehemu yake ya mzigo. Sisi hatusafiri tena bila mfuko wa chakula: ndizi, mayai, korosho, viazi vya kuchemsha. Dunia nzima haiwezi kupika kwa ajili yetu, wala hatuidai.

Nne, anayeacha ngano kwa kupenda tu na aseme kwamba ni kwa kupenda. Hatumhukumu. Lakini akijiita mgonjwa leo, na kesho akaonekana anakula keki, mhudumu atamcheka mgonjwa wa kweli atakayefuata. Na anayeshuku kuwa ana siliaki asianze kuacha ngano kabla ya kupimwa, maana akiisha kuiacha vipimo huweza kukosa kuuona ugonjwa.

Tano, mwenyeji na aulize, na muuza chakula na asiseme "hakuna shida" mpaka ameuliza jikoni. Kama hajui, aseme hajui. Kuuliza si ujinga, na kukiri kutojua si aibu. Wala asiseme "onja kidogo tu, hakitakudhuru." Mwenye kuujua mwili wake ni yule anayeuishi.

Turudi kwenye swali letu. Anayekataa chakula, je, amemdharau mwenyeji? Sisi sasa twajibu kwamba hapana, kama amekataa kwa kweli na kwa wakati wake. Adabu tuliyofundishwa ilikuwa njema, nasi hatuitupi. Binti yetu bado huamkia, hunawa, huketi pamoja na wengine na kushukuru. Lakini tulikuwa tumeichukua adabu hiyo nusu. Tulidhani mgeni hudaiwa kula. Kumbe mgeni hudaiwa kuaminiana na mwenyeji wake, na kula ni alama tu ya imani hiyo. Pale alama isipowezekana, deni bado lipo, nalo hulipwa kwa kusema kweli.

Mwezi wa Desemba twatazamia kwenda tena Masasi. Bibi ametupigia simu mwenyewe. Alimwomba mtoto, si sisi, akamwuliza, "Mjukuu wangu, mtama je, wala?" Mtoto akajibu, "Nakula, bibi." Akasema amekwisha kuutenga.